Tope la Jumamosi

Mwamuzi aliuinua mpira hadi usawa wa kifua, akauachia. Haukudunda. Ulinasa kwenye tope mbele ya goli, na matone mekundu yakamrukia soksini. Akauokota, akasogea hatua kumi, akauachia tena. Wachezaji wa Lupaso, waliokuwa bado juu ya fuso lililowaleta, wakainuka kutazama.

"Hapa mtu atavunjika mguu," alisema mwamuzi. "Mechi inaahirishwa. Wiki mbili."

Nilitikisa kichwa kwa masikitiko. Nilikitikisa vizuri sana, hata nahodha wa Lupaso akaja kunishika bega.

"Usijali, Mwalimu. Mvua ni kazi ya Mungu."

Mvua ya Mungu ilinyesha Alhamisi, manyunyu tu, na kufikia Ijumaa jioni uwanja ulikuwa umekauka. Tope lile nililitengeneza mimi.

Nilikuwa mwalimu katika kijiji kimoja cha uwanda wa juu, karibu na Newala, na katibu wa timu ya kijiji. Tulikuwa tumefika nusu fainali kwa mara ya kwanza. Halafu Cyril, mshambuliaji wetu, akalazwa hospitali ya Ndanda kwa malaria. Niliwaomba waandaaji waisogeze mechi, nikajibiwa kwamba mgonjwa mmoja hasogezi ratiba. Labda uwanja uwe haufai, akaongeza mmoja wao. Nadhani aliyenijibu alikuwa anatania.

Wageni wanaosoma haya huenda wasijue maji ni nini kwetu. Ardhi yetu ni mchanga, hainywi ikatosheka, na chemchemi ziko chini kabisa bondeni. Mwanamke akishuka na ndoo asubuhi, kupanda tu ni saa nzima. Ndiyo maana kijiji kilichanga kikajenga tangi la kukinga maji ya mvua kwenye bati la shule, lita elfu kumi, la kutuvusha miezi mibaya ya kiangazi. Koki yake ilikuwa ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli. Ufunguo alikuwa nao Mama Shakila, mjane wa miaka hamsini na kitu, aliyegawa ndoo mbili kwa kila nyumba bila kumpendelea hata dada yake. Ufunguo wa pili ulikuwa kwenye droo yangu. Watu walikuwa wameshausahau.

Jumamosi ile, asubuhi ya mechi, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ukisimama kwenye goli moja hulioni la pili. Watu walikuwa mashambani wanapalilia. Nilivuta mpira wa kumwagilia matofali hadi uwanjani, nikafungua koki. Nilipanga kutoa robo ya tangi. Lakini mchanga ulikunywa, ukanywa, ukabaki kama nilivyoukuta. Nikasema labda nusu. Saa tatu madimbwi madogo yakaanza kutuama mbele ya goli, nami nikafurahi kama mtoto, nikauacha mpira utiririke. Ukungu ulipoanza kupasuka nilisikia watu wanaongea njiani. Nikakunja mpira haraka, nikaondoka. Koki sikuifunga. Kufuli nililiacha linaning'inia.

Aliyelikuta vile, na tangi tupu, ni Mama Shakila mwenyewe, Jumapili asubuhi, huku foleni ya ndoo ikiwa nyuma yake.

Kamati ya maji ilikaa Jumatatu darasani. Mwenyekiti, Mzee Yeremia, hakuwa mtu wa kufoka. Alimwuliza taratibu.

"Mama Shakila, Ijumaa ulifunga?"

"Nilifunga."

"Una hakika? Maji yameteremka mpaka uwanjani. Hata mechi imeahirishwa kwa ajili hiyo."

Mwanamke yule alitazama viganja vyake, akavigeuza, kama kwamba jibu lingekuwa upande wa pili. Mimi nilikuwa umbali wa dawati moja, nimeshika kalamu, kwa sababu hata kamati hiyo nilikuwa katibu wake.

"Nilidhani nilifunga," alisema. "Naona kichwa changu kimeanza kuniacha."

Nilikuwa na muda wa kusema. Nakumbuka ulivyokuwa mrefu. Jogoo aliwika nje, mtu akakohoa, Mzee Yeremia akafuta miwani yake. Kisha nikainama nikaandika: *Amekiri kusahau.* Neno hilo hakulisema yeye. Lilikuwa langu.

Alivuliwa kazi. Ufunguo akaambiwa aukabidhi kwa katibu. Alikuja hadi kwenye dawati langu, akaniwekea ule ufunguo mkononi kwa mikono yake miwili, kwa heshima, kama mtu anayempa mkubwa wake.

"Nisamehe, Mwalimu," akasema.

Mvua haikunyesha tena hadi Desemba.

Wiki mbili baadaye Cyril alifunga mabao mawili na Lupaso wakarudi Masasi wamefungwa. Vijana walinibeba mabegani. Nikiwa huko juu niliona mstari wa wanawake wanapanda kutoka bondeni na ndoo vichwani. Mmoja alitua yake chini kupumzika, nami nikageuza uso kabla sijamtambua.

Mwaka uliofuata niliomba uhamisho, nikapata Masasi. Nilijiambia ni kwa ajili ya shule za watoto.

Ni miaka minne sasa. Mwezi uliopita, sokoni, Shakila, binti wa yule mama wa tangi, aliyekuja kwa siku moja kununua vitu, alinisalimia. Nikamwuliza habari za mama.

"Yupo, ila hatumwachi peke yake. Hawashi moto mpaka niwepo. Mjukuu hambebi, anasema atamsahau mahali. Tangu yale mambo ya tangi, Mwalimu. Hospitali wanasema mzima, mwenyewe anakataa."

Kesho yake nilipanda basi la Newala.

Nilimkuta barazani amekaa juu ya mkeka, Shakila akichambua mchele kando yake.

"Shikamoo, Mama Shakila."

"Marahaba. Ni Mwalimu? Au nimekosea?"

"Hujakosea."

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Yalinipotea yote. Nilimwambia tu: koki ilifunguliwa na mimi, Jumamosi, kwa ufunguo wa drooni, ili mechi isichezwe. Ijumaa ulifunga. Ulifunga kama siku zote.

Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane. Shakila aliuweka ungo chini na kunitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaeleza. Lakini mama yake hakuwa ananiangalia mimi. Midomo yake ilikuwa inacheza, kama mtu anayehesabu miaka.

"Nilifunga," alisema.

"Ulifunga, Mama."

"Na kufuli nililibana."

"Ulilibana."

Akasimama bila kushika ukuta. Akamwita jirani ng'ambo ya ua, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu enzi za foleni za tangini: "Adija! Mwite na Mzee Yeremia! Njooni!"

Jirani akatokea akifuta mikono kwenye kanga, na nyuma yake watoto, na watu wawili waliokuwa wanapita. Mzee Yeremia akaja polepole na fimbo yake. Mama Shakila akanigeukia. Machoni mwake hamkuwa na hasira hata chembe.

"Sema tena, Mwalimu," akasema. "Sema kwa sauti, huyu mzee hasikii vizuri."

Nikaanza upya.