Magurudumu ya Kwenda Taru

Siku za kazi, Syovata Muli aliendesha gari la watalii la hoteli moja ya Diani. Wageni walimpenda kwa utaratibu wake. Alipunguza mwendo kila alipoona mbuzi kando ya njia, na aliwasalimu askari wa barabarani kwa heshima. Wachache walijua kwamba nyumbani kwao Shimba Hills alikuwa na Datsun kuukuu aliyoachiwa na baba yake, na kwamba mara moja kwa mwaka aliingia nayo katika mashindano ya magari ya kale.

Mwelekezi wake katika mashindano hayo alikuwa Sidi, muuguzi wa Msambweni aliyezaliwa Kinango. Sidi ndiye aliyekaa kiti cha pembeni na maelezo ya njia mapajani, akimwambia kona inayokuja ni kali au ni laini, na daraja li wapi. Alikuwa na sauti isiyopanda wala kushuka. Syovata alizoea kusema kwamba hata gari likiungua moto, Sidi angelitangaza kama mtu anayeita mgonjwa wa zamu yake.

Mwaka huu njia ilibadilishwa. Magari yangetoka mjini Kwale, yateremke Kinango, yavuke nchi kavu hadi Taru, kisha yarudi na kumalizia Msambweni. Huko Taru barabara si mchanga mtupu. Ni mawe yenye ncha, na makorongo makavu yanayojificha mpaka dereva awe amekwisha kuyaingia. Syovata akajua rimu alizokuwa akitumia, zilizokwisha kunyooshwa kwa nyundo mara nyingi, hazingefaa tena.

Alikuwa bado anatafuta rimu nyingine alipopigiwa simu kutoka ofisi ya mabasi ya Ukunda. Kulikuwa na mzigo wake. Alikuta sanduku kubwa, na ndani yake rimu mpya za spoti, za alumini, zinazong'aa hata kivulini. Zilitoka kwa kaka yake, Mwendwa, aliyekuwa akiishi Nairobi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Livalishe gari hizi. Zile kuukuu uzitupe."

Syovata alisimama pale muda mrefu akilitazama lile sanduku. Tangu baba yao alipofariki, yeye na Mwendwa hawakuwa na mazungumzo ya maana. Mwendwa alikuwa ametaka Datsun iuzwe baada ya mazishi tu. Syovata alikataa, mama yao akamuunga mkono, na Mwendwa akarudi Nairobi bila kuaga vizuri. Sanduku hili lilikuwa kitu cha kwanza Mwendwa kumtumia dada yake tangu siku hiyo.

Jumapili baada ya ibada, Sidi alifika Shimba Hills, wakalipandisha gari jeki na kuzifunga zile rimu. Zilipendeza. Mama yake Syovata, Kasyoki, alitoka jikoni akajifuta mikono kwenye leso na kusema gari sasa limekuwa kama la bwana harusi.

Lakini Syovata alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la mbele, uso umekunjamana.

"Nini?" Sidi akauliza.

"Tazama hapa katikati. Tundu la rimu ni pana kuliko kitovu cha gari kinachobeba gurudumu. Rimu haikalii kitu. Uzito wote umeshikwa na nati peke yake."

"Na hilo ni baya?"

"Kwenye lami, pengine si neno. Kwenye mawe, kila pigo litakwenda moja kwa moja kwenye nati." Alipenyeza mkono dirishani akazungusha usukani, na tairi ikaligusa bati la gari lililo juu yake. "Tena zimetokeza nje. Nikikata kona kwa kasi, tairi italiwa. Na rimu ya chuma ikigongwa hukunjika, utaipiga nyundo uendelee. Hizi nyepesi zikigongwa sana hupasuka."

"Basi mwambie kaka yako."

"Nikimwambia ataona nimeidharau zawadi yake."

"Usipomwambia utazifunga?"

Syovata alichukua spana. Alizifungua, akazipangusa vumbi moja moja, akazirudisha sandukuni kwa uangalifu kama mtu anayekunja nguo ya mtu mwingine.

Siku ya mapumziko iliyofuata alikwenda Kombani kwa mzee Ziro, ambaye alikuwa na ua uliojaa magari yaliyokufa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Diani?"

"Salama, alhamdulillahi." Ingawa alikuwa Mkristo, alikulia pwani na neno hilo lilimtoka lenyewe. "Natafuta rimu za chuma. Za pikapu ya zamani, za ukoo mmoja na gari langu."

Ziro alimwonyesha lundo nyuma ya mabati. Syovata alikuja na kitovu kimoja cha gari lake, alichokitoa kwenye vipuri vya baba, na kila rimu aliyoiokota aliivalisha pale kwanza. Zilizolegea aliziweka kando. Zilizokaa barabara alizizungusha, akiinamisha kichwa aone kama ukingo unayumba. Alitaka zile zenye bati nene, zisizo na matundu mengi ya urembo. Alipomaliza alikuwa na rimu za kutosha gari zima na za akiba, zote zenye kutu na zote nzito. Ziro alimsaidia kuzipakia, akamwombea heri.

Jioni hiyo alimpigia Mwendwa. Alimshukuru kwanza, akamweleza habari ya tundu, ya nati na ya mawe ya Taru. Alizungumza polepole asije akasahau neno. 

"Kwa hivyo," Mwendwa akasema, "utaweka chuma kuukuu."

"Ndiyo, kaka. Lakini imara."

"Sawa," akasema, na simu ikakatika.

Syovata alifanya kazi yake wiki nzima huku moyo ukiwa mzito. Aliwapeleka wageni kutazama ndovu, akawajibu maswali yao, na kila alipopumzika alitazama simu. Mwendwa hakupiga. Jumamosi alipofika nyumbani kwa mama, alimkuta kaka yake ameketi barazani, mkoba wa safari miguuni, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alikuwa amekuja kwa treni hadi Miritini, na kutoka hapo akaunga safari mpaka nyumbani.

Walisalimiana. Mama alileta chai, kisha akasema anakwenda kuwatazama kuku, ingawa kuku walikuwa palepale uani.

"Ziko wapi hizo rimu za chuma?" Mwendwa akauliza.

Syovata alimpeleka kwenye kibanda cha gari nyuma ya nyumba. Alikuwa amekwisha kuzipaka rangi nyeusi, zikaonekana nadhifu. Mwendwa hakuzishika. Alisimama mlangoni mikono mfukoni.

"Baba alipopinduka na gari hili mashindanoni," akasema, "wewe uliambiwa nini?"

Syovata alishangaa. Alikuwa shule ya bweni wakati huo. "Niliambiwa tairi ilipasuka."

"Tairi haikupasuka. Mimi nilikuwa kiti cha pembeni, nikimsomea njia. Ilikatika rimu. Rimu ya chuma, iliyochakaa, kama hizi. Ilichanika pale kwenye nati, na gurudumu likatutangulia. Nililiona likikimbia mbele yetu peke yake, likaingia vichakani, na sisi bado tumo ndani ya gari. Halafu tukapinduka." Alisugua kiatu chenye vumbi kwenye kizingiti. "Tulitoka salama, lakini baba alitaka wewe na mama msijue ya rimu. Alisema mtaogopa. Ndiyo sababu nilitaka gari liuzwe. Na zile rimu mpya, Syovata, sikuzinunua kwa urembo. Niliona kitu kipya hakiwezi kuwa na ufa."

Syovata aliketi juu ya tairi. Miaka yote alidhani kaka yake alilichukia gari kwa sababu aliachiwa yeye, dada mdogo. Aliinuka.

"Ufa hutafutwa, kaka. Njoo nikuonyeshe."

Alichukua kopo la mafuta ya taa, kitambaa na vipande vya chaki alivyovisaga kuwa unga. Akamweleza kwamba hukwangua rimu mpaka chuma kitupu kionekane, akaipaka mafuta, akaacha yanywee. Kisha huipangusa kabisa, akainyunyizia unga wa chaki na kuigonga kidogo kwa nyuma. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake hutoka na kuchora mstari kwenye chaki.

"Zote nimezipima hivyo kabla ya kuzipaka rangi," akasema. "Ni safi."

Mwendwa aliichukua rimu moja kwa mara ya kwanza. Aliigeuza, akatazama mgongo wake, upande ule unaokalia gari.

"Na huku?"

"Huko nilipangusa tu. Rangi yake ya zamani ilikuwa imeshika."

"Hukukwangua."

"Hapana."

Mwendwa alivua shati la safari, akachukua brashi ya waya, akaketi chini.  Syovata alikwangua rimu akiwa upande mmoja wa kibanda na yeye upande wa pili, na vumbi la rangi likawapaka nyusi. Walipozipima kwa mafuta na chaki, rimu ya kwanza ilikuwa nzima, na zilizofuata pia. Kisha Mwendwa akaacha kugonga. Akamsogezea dada yake rimu moja. Katikati ya matundu mawili ya nati palikuwa na mstari mweusi, mfupi kama ukucha, na ulikuwa ukizidi kukolea walipokuwa wakiutazama.

 Rimu hiyo Syovata alikuwa ameitenga kwa gurudumu la mbele, upande wa Sidi.

"Ningeifunga," akasema.

"Sasa hutaifunga," Mwendwa akajibu kwa upole. Akaipiga rimu nyundo mpaka ikapinda, ili asije mtu mwingine akaiokota na kuitumia. "Huyo mzee wa Kombani ana nyingine?"

"Anazo."

"Twende basi. Na hizi zangu za spoti zitakaa kwenye gari siku ukienda mjini kwa lami. Tutatafuta pete za kuziba lile tundu."

Walipewa nyingine na Ziro siku hiyohiyo, wakaikwangua pande zote mbili kabla ya kuiondoa uani kwake. Syovata aliweka mipira ya ndani katika matairi yote, ili rimu hata ikikunjika ukingo, upepo usitoke. Mwendwa alipiga simu kazini akaomba ruhusa ya kubaki mpaka mashindano. 

Siku ya mashindano Kwale kulikuwa na ukungu mwepesi wa asubuhi. Datsun ilitoka katikati ya kundi. Kuteremka Kinango kulikwenda vizuri. Walipoifikia ile nchi kavu, Syovata aliendesha kama apelekavyo wageni, bila papara, akiacha wengine wampite na kuwakuta mbele wamesimama wakibadilisha magurudumu.

"Kona ya kushoto, laini," Sidi alisema. "Kisha korongo. Shika kulia."

Alishika kulia. Lakini mvua ya karibuni ilikuwa imesukuma jiwe mpaka kulia, likafunikwa na vumbi. Mlio wa gurudumu kuligonga uliwaingia mpaka kwenye meno. Gari liliruka, likatua, likaanza kutetemeka usukanini.

"Gurudumu la upande wangu," Sidi akasema kwa sauti ileile. "Bado lipo."

Syovata alipunguza mwendo. Alimkumbuka baba yake, akaona akilini kile kichaka Mwendwa alichokieleza, lakini gurudumu lilibaki mahali pake. Walikwenda hivyo, wakitikisika, hadi kituo cha matengenezo cha Taru, ambako Mwendwa alikuwa akingoja pamoja na jeki na rimu za akiba.

Mwendwa aliinua gari kwa jeki. Alilegeza nati, akavuta gurudumu, akavalisha jingine. Ni baada ya kumaliza ndipo alipolilaza lile bovu kwenye vumbi na kupitisha vidole kuzunguka matundu yote, taratibu, upande wa mbele na wa nyuma. Ukingo ulikuwa umekunjika kama sahani ya bati iliyokanyagwa.

"Imekunjika tu," akasema. "Haikupasuka popote." Akagonga paa la gari kwa kiganja. "Nendeni."

Kurudi pwani kulikuwa na adhabu yake. Njia za mchanga za kuelekea Msambweni zilitaka gari jepesi, na uzito wa vyuma vile uliivuta Datsun nyuma. Abdulwahab, mwalimu wa Lunga Lunga mwenye kigari kidogo cha bluu, aliwapita karibu na mwisho akiwapungia mkono. Walimaliza wa sita. Magari mengi yaliyoanza nao yalikuwa bado Taru, yakingoja kuvutwa.

Walikaa kwenye benchi la mgahawa mdogo karibu na mstari wa mwisho, wakala kaimati na chai. Sidi aliaga mapema kwa sababu alikuwa na zamu. Mwendwa alipofika, vumbi limemjaa, Syovata alimsimulia safari yote, kisha simu ya Syovata ikalia. Alikuwa mama.

"Nipe mimi," Mwendwa akasema.

Aliongea Kikamba kwa muda mrefu, akatembea huku na huku mbele ya benchi. Alimsimulia mama ule mteremko wa Kinango, na korongo, na jiwe, na jinsi gari lilivyoruka, kana kwamba alikuwa ndani. Kona ya kushoto aliiita ya kulia. Syovata alisikia, akamwacha aendelee, akamwongezea chai kwenye kikombe.