Mikate Saba Mezani

Apollinaire alikuwa fundi wa kuchora vichwa. Nusu ya saluni za mtaa wa Point, Durban, zilikuwa na mkono wake ukutani: dredi, rasta, na shingo ndefu ambazo hakuna mteja aliyewahi kuwa nazo. Basi Mama Lurie, mjane Myahudi wa Westville, alipomwomba amchoree kitabu cha picha, nakala moja tu ya kushonwa kwa mkono, ya kusomwa na mjukuu wake Talia anayekuja kula Pasaka kwa bibi mara ya kwanza, alikubali kabla mama wa watu hajamaliza kusema. Tangu utotoni alitamani kuchora kitabu. Hiki kikiharibika, atazeekea kwenye vichwa.

Maneno aliyaandika Mama Lurie mwenyewe. Ukurasa wa tisa ulisema tu: "Meza ya bibi imejaa, na sote tumekaa." Apollinaire akachora sahani, divai, mayai, mishumaa. Mkewe Constance akachungulia, kitana mkononi.

"Mikate iko wapi?"

"Hajaandika mikate."

"Eish, Apo! Fête, sikukuu nzima, bila mkate? Watu watasema ule mama iko na choyo. Weka, mon cher."

Akaweka saba, minene, imevimba na kung'aa mgongoni. Aliionea fahari kuliko kitu chochote alichowahi kuchora.

Jumatatu akakipeleka Westville. Mama Lurie akafunua kurasa akitabasamu, akafika wa tisa. Kisha akacheka mpaka miwani ikamvuka.

"Apollinaire, umetuwekea kitu ambacho wiki hiyo hakiruhusiwi hata kuwamo nyumbani!"

Apollinaire alitamani ardhi immeze. Kanisani kila mwaka alisikia habari za Kutoka, na kila mwaka alisinzia kabla watu hawajaondoka Misri.

"Babu zetu waliondoka mbio," Mama Lurie akamweleza. "Hawakungoja unga uumuke. Ndiyo maana tunakula mkate bapa, mkavu. Wewe ziba tu kwa maua. Sikukuu ni keshokutwa."

Maua yangetosha, lakini Apollinaire alivuta kiti, akaketi.

"Marehemu mama yangu aliuza maandazi Bukavu, kule Kongo," alisema. "Risasi zilipoanza alikuwa anakanda, hajatia hamira. Akabeba beseni kichwani, mimi nikashika kitenge chake. Siku ya pili tuliupika ule unga porini, juu ya kifuniko cha sufuria, bila mafuta."

Mama Lurie hakucheka tena. Akauchana ukurasa wa tisa taratibu, akampa karatasi nyeupe.

"Achana na maua," alisema.

Jumanne nzima Apollinaire hakupokea kazi ya mtu. Constance alimletea chai, akatazama mchoro, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakuwa na la kusahihisha.

Jumatano jioni wote wawili walialikwa mezani kwa Mama Lurie. Talia, mwenye miaka sita, alisoma kwa sauti hadi ukurasa wa tisa, akakomea hapo na kuitazama picha. Umati ulikuwa unatoka mjini kwa haraka, na katikati yake alikuwamo mwanamke wa kitenge, beseni kichwani, mtoto akining'inia kwenye pindo.

"Huyu nani?"

"Mama yangu," alisema Apollinaire.

"Alikuwa Misri?"

Wakubwa wakakohoa.

"Karibu na hapo."

"Mkate wake ulikuwa mtamu?"

Miaka yote hiyo Durban watu walimuuliza habari za vita na za makaratasi ya ukimbizi. Mkate hakuna aliyeuulizia.

"Mgumu kama kigae. Tuliumaliza wote, tukalamba na kifuniko."

Talia akafikiri. Akavunja kipande cha mkate bapa, akaunyoosha mkono juu ya sahani zote mpaka kwa Apollinaire.

"Basi anza wewe, Anko Apo."

Akatafuna. Machozi yakamtoka mbele za watu, naye hakuyaficha.

"Iko namna gani?" Constance akamnong'oneza.

"Iko ule ule wa Mama."