Madoa Saba ya Shaba

Bi Shamsia hakuajiriwa kulinda upanga. Aliajiriwa kumwosha Mzee Rinting, kumlisha na kumgeuza asipate vidonda, nyumbani kwa bintiye Natasha, pale mtaani Crystal, ughaibuni. Lakini ule mandau, upanga wa Wadayak wa kwao Borneo, ulining'inia juu ya kitanda, na kila aliyemgeuza mzee aliinama chini yake.

Alhamisi Natasha akaja na boksi. "Upanga unatoka leo. Madoa saba kwenye bapa ni vichwa saba alivyokata babu yake baba. Mwanangu anaota vichwa."

Mzee aligeukia ukuta. Tangu Jumanne, alipoambiwa upanga utaondolewa, hakuwa amemeza hata kijiko.

"Niufute kwanza," alisema Bi Shamsia. "Hata maiti haondoki bila kuoshwa."

Akaufuta taratibu. Mpini wa pembe ulichongwa vikonyo vilivyojikunja. Mzee aliwahi kumwambia wengine humwona humo hondohondo, ndege wa roho, wengine huona majani tu. Kwenye bapa, yale madoa ya shaba hayakupangika. Yalifuata ufa mwembamba, kama kiraka kifuatavyo mraruko.

Baba yake Bi Shamsia alichonga milango Lamu. Watalii wakimuuliza maana ya maua, aliwaambia kila ua ni mke aliyemzika. Kumbe ua aliliweka palipo na kifundo cha mbao.

Akamwinamia mzee. "Fundi wenu alikuwa anaziba ufa, eti?"

Jicho moja likafunguka. "Nyamaza, mama. Miaka thelathini nimefagia ofisi za watu hapa, hakuna aliyenitetemekea. Kwetu tulikuwa na huyo babu mmoja tu wa kutisha."

"Basi chagua, mzee wangu. Upanga utishe ndani ya boksi, au ukae ukutani bila kutisha mtu."

Mzee aliutazama uji uliopoa kwenye bakuli kando ya kitanda. Kisha akaita, "Natasha. Babu alikuwa mhunzi. Upanga ulipasuka akikata mti, akauziba. Vichwa nilivitia mimi katika hadithi, ulipokuwa mdogo."

"Kwa nini, baba?"

"Uliniona na ufagio."

Natasha alipanda kiti, akaurudisha upanga msumarini, akashuka, akachukua bakuli mwenyewe. Kijiko cha kwanza akakifikisha mdomoni mwa baba yake.

Mzee akameza. Cha pili. Kabla ya cha tatu akashika mkono wa bintiye.

"Mtoto wako mwachie kichwa kimoja cha hadithi."

"Kula kwanza," alisema Bi Shamsia, "tutakijadili."