Risasi za Polepole

Ubao wa shabaha bado umesimama nyuma ya sauna yetu, ingawa mvua na theluji zimeula pembe zote. Kila vuli, majani ya mibetula yakianza kugeuka njano, huwa naenda kuutazama. Hapo namwona tena babu yangu Tauno, amelala kifudifudi juu ya ngozi kuukuu, bunduki yake ndogo begani, kofia ameigeuza nyuma kama kijana. Nami nimechuchumaa pembeni yake, nina miaka kumi na saba, msichana mwenye haya.

Vuli ile babu alikuwa na huzuni moja. Alisema kware wa msituni wamekwisha.

Ni ndege mnene, mkubwa kidogo kuliko njiwa, na mluzi wake ni mwembamba kama sindano. Huku kwetu Kainuu hatumkimbizi. Mtu anakaa chini kwenye misonobari, anapuliza filimbi ndogo ya mfupa, kisha ananyamaza. Ndege anadhani mwenzake ameingia eneo lake. Anajibu kwa hasira, halafu anakuja mwenyewe kugombana. Babu aliwinda hivyo tangu utotoni. Lakini mwaka ule alikaa bondeni asubuhi baada ya asubuhi, akarudi bure.

"Msitu umekufa, Saimi," aliniambia akivua buti. "Hata mmoja hanijibu. Nikikosa na vuli hii, bunduki namwachia Urho."

Urho alikuwa jirani yetu, na aliitamani bunduki ile tangu zamani. Siku hiyo alikuwa amekaa mezani kwetu akinywa kahawa ya bibi.

"Si kwamba wamekufa, mzee," alisema kwa sauti ya juu, kama alivyozoea kusema na babu. "Umewafukuza kwa kelele. Bunduki yako ni kama gari lisilo na eksozi. Ivalishe kizuia sauti."

"Kizuia sauti cha mdomo wako kingekuwepo, ningekinunua kwanza."

Urho alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Lakini maneno yalimwingia babu. Kesho yake tulikwenda mjini Kuhmo, kwenye duka la silaha la mama mmoja aitwaye Kyllikki.

Nakumbuka harufu ya duka lile, mafuta ya bunduki na mbao mpya. Kyllikki aliuliza bunduki ni ya aina gani. Babu akanigeukia, kwa sababu Kyllikki alisema kwa sauti ya chini, na siku zile babu alinigeukia sana watu wakisema hivyo. Ikabidi nijibu mimi, nikiangalia kaunta.

"Ni ile ndogo, ya kipenyo ishirini na mbili. Mtutu umeshachongwa nyuzi za kufungia kizuia sauti."

"Ya kuwindia nini, binti?"

"Kware."

"Basi usichukue hiki kirefu." Akaweka kizuia sauti kimoja kando. "Kitanasa kwenye kila tawi. Chukua hiki kifupi, chepesi, na kinafunguka. Hizi risasi ndogo zinaacha masizi mengi. Kisichofunguka kitajaa kama dohani ya jiko."

Babu alikipima mkononi, akakikubali. Kwa upande wa risasi, Kyllikki alitutolea pakiti za aina mbili. Za kwanza zilikuwa za kasi, za pili za polepole. Alisema kila bunduki ina ulaji wake, twende tukaijaribu nyumbani, inayoikubali ndiyo yake.

Jioni ile ziwa mbele ya nyumba lilikuwa limetulia kabisa. Babu alipiga za polepole kwanza. Nilisikia pini ikigonga, kisha pumzi fupi tu, na kule mbele ubao ukasema tap. Nilifurahi. Lakini matundu kwenye karatasi yalitawanyika, na yalikuwa chini ya pale alipolenga.

Akaweka za kasi. Ya kwanza ilipotoka niliruka. Ulikuwa mpasuko mkali, kama ubao mkavu umevunjwa gotini, ukavuka ziwa na kurudi kutoka ng'ambo. Kunguru waliinuka. Babu hakutikisika. Alimaliza zote, akaenda kwenye ubao, akarudi na karatasi akitabasamu. Matundu yote yangefunikwa na kitufe cha koti.

"Hizi ndizo," alisema. "Kimya kama zile, na zinakaa pamoja. Umeona?"

Nilimtazama nikingoja acheke. Hakucheka.

"Babu, hizi zina kelele."

"Kelele gani? Si imevaa kofia ya kuzuia sauti?"

"Kofia inashika mlio wa mdomoni. Hizi zinapasuka huko mbele, hewani. Zina kasi mno."

"Wewe umesikia hivyo?"

"Nimesikia mara mbili, babu. Ilirudi kutoka ziwani."

Alitazama ziwa. Kisha alitazama kunguru, waliokuwa bado wanazunguka juu, na nikaona anafikiri ni kwa nini wameruka. Alikunja karatasi ile polepole, akaitia mfukoni.

"Ipige wewe," alisema. "Moja hii, moja ile. Mimi nitasimama."

Nikapiga. Hakuangalia ubao. Aliniangalia mimi, jinsi nilivyokunja uso kwa ile ya kasi na jinsi nilivyotulia kwa ile nyingine. Masikioni mwake zilikuwa sawa. Alikaa kwenye ngazi ya sauna akifungua na kufunga kizuia sauti, hata bibi alipoita chakula hakuinuka, mpaka nikaenda kumgusa bega.

Asubuhi alinigongea mlango.

"Vaa. Unakuja nami bondeni."

Tuliacha pakiti ya kasi mezani. Kwa ajili ya zile za polepole alikuwa amekirekebisha kilengeo cha bunduki kabla sijaamka, akisema zitatulazimu tumngoje ndege karibu zaidi, basi. Tulikaa chini ya msonobari mmoja mnene, migongo yetu ikiegemea shina moja. Ardhi ilikuwa na unyevu na ilinukia uyoga. Babu akatoa filimbi, akapuliza.

Jibu lilikuja kabla hajaiondoa mdomoni. Lilikuwa jembamba, safi, kutoka upande wa kijito. Kisha jingine, mbali kidogo.

Babu aliishusha filimbi, akingoja. Nikageuka, nikakuta hatazami miti. Ananitazama mimi, kama jana.

Kumwambia msitu uko hai kulikuwa kumwambia kilichokufa ni nini. Lakini aliuliza mwenyewe, kwa midomo tu.

"Wapo?"

"Wapo, babu," nilisema. "Wawili."

Alishusha pumzi ndefu. Nilidhani atalia, kumbe mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

"Siku zote hizi wananitukana," alinong'ona, "na mimi nawaita wafu."

Tangu hapo nilikuwa nikimgusa goti kila ndege akiita, na kwa kidole namwonyesha upande. Akapuliza tena, nami nikagusa. Mara mbawa zikavuma, na kware akatua kwenye tawi karibu nasi kabisa, shingo imenyooka, akitafuta mgomvi wake. Babu aliinua bunduki polepole kama mtu anayenyanyua kikombe kilichojaa. Ndege akaanguka kwenye ukoka.

"Imelia?" babu aliniuliza.

"Kidogo. Kama mtu amefunga kitabu."

"Basi ndiyo yenyewe. Urho atafute bunduki nyingine."

Alitaka kusimama, nikamshika mkono. Kule kwenye kijito yule wa pili hakuwa ameogopa. Alikuwa bado anaita.

"Mwingine yupo, babu. Hajaondoka."

"Anaitaje?"

Sikujua nielezeje. Mimi siimbi mbele ya watu, hata kanisani nilikuwa nafungua midomo tu. Lakini niliinama karibu na sikio lake, nikauimba mluzi ule kwa sauti ya chini, nzito kadiri nilivyoweza, kwa maana sauti nzito bado alizisikia, ile mirefu miwili kwanza, halafu mifupi inayokimbizana mwishoni. Babu alifumba macho. Niliurudia, akainua kidole niishie hapo.

"Huyo ni dume," alisema. "Mzee kama mimi. Mwache."