Miche ya Shukrani ya Diwani Muhangi

Alistides Muhangi alikuwa ameshawashukuru watu mara nyingi, na kila mara alikuwa anataka kitu. Safari hii hakutaka. Alikuwa amemaliza vipindi vitatu vya udiwani pale Ihembe, hakugombea tena, na aliamua kuwaaga wananchi kwa mkono wake. Kila kaya itakayofika ingeondoka na mche wa mgomba kutoka kibanja chake, shamba linaloizunguka nyumba, wa ile aina ya ndizi za kupika iitwayo Nshakara aliyoachiwa na mama yake. Kwetu ukimpa mtu pesa umemtuma dukani. Ukimpa mche umemfanya ndugu.

Asubuhi ya siku yenyewe rubisi, pombe ya ndizi, ilikuwa tayari, na mkewe Benadeta alikuwa jikoni na majirani wakimenya ndizi. Miche ilipangwa uani, imefungwa kwa kamba za mgomba. Muhangi akaingia kibanjani kuchimba michache ya kuongezea. Karibu na kaburi la mama yake aliona jani la njano, akajiambia ni jua. Wanasiasa wamezoea kujiambia mambo. Lakini mkungu mchanga wa mgomba ule ulikuwa na ndizi zilizoiva kabla ya wakati, na alipokata moja, ndani ilikuwa ya kahawia. Akakata shina. Usaha wa manjano ukachuruzika taratibu. Ulikuwa mnyauko, ugonjwa unaoua migomba.

Aliogopa, na tuseme ukweli, hakuiogopea migomba kwanza. Miaka ile ugonjwa ulipoingia, yeye ndiye aliyesimama makanisani na minadani akihimiza watu wang'oe kila shina linaloumwa, na waliosita akawapelekea mgambo. Kibanja cha Kyarimpa, mjane wa ng'ambo ya kijito, kilibaki kama uwanja wa mpira. Sasa ugonjwa ulikuwa kwake, na huenda ulikuwa umeshaingia katika miche ile iliyofungwa vizuri uani.

Benadeta alikuja kumwita, akamwona uso.

"Baba Ainebyona, wageni wameanza kufika."

"Kibanja kinaumwa, mama."

Aliliangalia shina. "Waache wale na wanywe," alisema. "Miche waambie haijakomaa. Aibu hii tuimeze wawili."

Lilikuwa shauri la mke anayempenda mumewe, naye Muhangi alilitamani sana. Angeweza kung'oa polepole wiki ijayo, bila macho ya watu. Ila nyuki wanaobeba ugonjwa huo kutoka ua hadi ua hawangoji mtu amalize sherehe yake, na vibanja vya jirani vilianzia palepale chake kilipoishia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hiki kingewaumbua hata wasiohusika.

Basi akasimama mbele ya wageni, kofia mkononi.

"Nimewaita niwashukuru. Mmenibeba muda mrefu, hata siku nilizokuwa mzito. Zawadi yenu ni ile pale, na naomba asiiguse mtu. Kibanja changu kina mnyauko."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo. Muhangi aliona ana haki ya kucheka.

Kisha Kyarimpa akasimama. "Diwani," alisema, "siku ile kwangu ulituma mgambo. Waling'oa, wakaenda zao. Nililia peke yangu mpaka jua likazama."

"Nakumbuka, Mama Nabasa."

"Hukumbuki. Hukuwepo."

Aibu ilimpanda Muhangi mpaka masikioni. "Nisamehe," alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kyarimpa alijifunga kanga kiunoni. "Ugonjwa umerudi bondeni kwetu, hata kwenye migomba niliyopanda upya, na huyo mpya uliyemwachia kiti hatujamwona. Leo tunang'oa hapa, sote. Kesho unakuja kwangu, kwa miguu, na jembe lako."

"Mimi si diwani tena."

"Ndiyo maana nakuita."

Akauliza moto uko wapi, ili mapanga yachomwe kwanza yasihamishe ugonjwa, kisha akatangulia kibanjani. Wengine wakaweka vikombe chini, wakamfuata mmoja mmoja. Walianza na mgomba wa kaburini. Ulipoanguka Muhangi alilia waziwazi, mbele ya watu aliowaomba kura miaka yote ile, na hakuna hata mmoja aliyeondoka.