Chupa ya Chai ya Ofisi ya Kampeni

Jumanne, tarehe tisa Septemba. Asubuhi ilikuwa na mawingu mepesi na baridi ya kumfanya mtu ashike kikombe kwa mikono miwili. Saa mbili kasorobo, mpika chai wa ofisi ya kampeni aliikosha chupa kubwa kwa maji yanayochemka, akaiacha mezani bila kizibo ili ipumue kabla ya kutiwa chai. Ndivyo alivyofanya kwa miaka kumi na mmoja, tangu mgombea alipokuwa diwani tu. Wote walimwita Mama Chai.

Mgombea wa urais aliingia na meneja wake, wakizungumzia mkutano wa siku hiyo.

"Hawa wenye rangi ya masizi wape fulana na muziki, watapiga kura," alisema mgombea. "Kufikiri tutawafikiria sisi." Kisha, bila kugeuza shingo, "Mama, sukari kidogo leo."

Mama Chai alikuwa na rangi hiyo. Aliweka kizibo, akaenda kutazama maziwa. Aliporudi na kuifungua chupa, maneno yale yakatoka pamoja na mvuke, kwa sauti ya mgombea, mpaka lile la sukari. Alisubiri yaishe, ndipo akaitia chai.

Tangu hapo kila chupa ilipofunguliwa maneno yalitoka. Dereva wa ofisi aliyasikia akiwa na kikombe mkononi.

"Hizo ndizo chupa za zamani, Mama," alisema. "Siku hizi wanatuuzia makopo."

Jumamosi Mama Chai aliibeba chupa hadi nyumbani ili akaisugue. Alikaa chumba kimoja chenye viti viwili. Cha pili kilikuwa cha marehemu mumewe, na sasa aliwekea nguo za kupiga pasi. Aliisugua chupa kwa magadi mara tatu, akaiacha wazi ikauke kando ya kitanda, akapiga magoti. "Ee Mungu," aliomba, "usiniache nisimame nyuma ya uongo. Na binti yangu umlinde kule aliko." Kisha akaweka kizibo, akalala.

Jumapili asubuhi alifungua chupa. Yalitoka maneno ya mgombea, likatoka lile la sukari, kisha ikatoka sala yake mwenyewe, bado ina moto. Aliisikiliza akiwa ameketi. Ilikuwa siku nyingi tangu mtu aseme chochote ndani ya chumba hicho isipokuwa yeye.

Jumatatu dereva alijaribu kuuimba wimbo wa kampeni mdomoni mwa chupa, beti zote mbili. Walifunga, wakangoja, wakafungua. Wimbo haukuwemo.

"Haihifadhi kilichopoa," alisema Mama Chai.

"Basi mimi nimepoa, Mama. Mke wangu husema hivyo hivyo."

Wiki ya pili mwandishi wa gazeti alikaribishwa chai, akayasikia maneno. Kesho yake habari ilikuwa ukurasa wa kwanza. Wapinzani walisema mgombea ni mbaguzi. Upande wa mgombea ulijibu kwamba wanaoona rangi kila mahali ndio wabaguzi, na kwamba chupa imenukuu nusu. Redioni watu walibishana siku nne: je, masizi ni tusi, au ni kitu cha jikoni tu? Hakuna aliyeuliza jikoni.

Meneja alikuja kusimama mlangoni pa chumba cha chai.

"Mama Chai, kesho waandishi wanakuja. Wewe utasimama nyuma ya mzee. Wakikuuliza, useme hajawahi kukutukana. Basi. Na sare mpya utapata."

"Nisiposema?"

"Sisi ni familia hapa, Mama. Lakini familia haikai na mtu wa kuianika nje."

Jioni binti yake alipiga simu kutoka mji wa mbali. "Mama, usiseme uongo," alisema. Halafu akaongeza, "Lakini kazi usiiache, tafadhali. Kwa umri wako nani atakuajiri?"

"Sasa nishike lipi, mwanangu?"

"Sijui, Mama."

Mama Chai aliomba mpaka magoti yakafa ganzi.

Kesho yake alisimama nyuma ya mgombea, ndani ya sare iliyombana kwapani. Mgombea alimwekea mkono begani. "Huyu ni ndugu yangu kabisa," aliwaambia waandishi. "Miaka kumi na mmoja! Anaitwa..." Akamtazama meneja.

"Mama Chai," alisema meneja.

"Mama Chai!"

Mwandishi mmoja akauliza, "Mama, amewahi kukutukana?"

"Hajawahi kunitazama, mwanangu," alijibu. "Atanitukanaje?"

Mgombea alicheka wa kwanza, na ukumbi mzima ukafuata. Magazeti yakaandika: *Mpika chai: Hajawahi kunitukana.* Mama Chai alisoma akiwa amesimama, akalikunja gazeti, akafutia meza.

Kisha wapinzani wakaja, kwa adabu, kuazima chupa.

"Wewe hatutaki kukusumbua, Mama," walisema. "Chupa inatosha."

Hakukubali iende peke yake. Aliketi nayo kiti cha nyuma cha gari lao, na kwenye mkutano akakaa nyuma ya jukwaa juu ya kreti ya soda, kizibo mkononi. Chupa iliwekwa mbele ya kipaza sauti. Maneno yalitoka, umati ukanguruma kwa hasira. Mtu wa jukwaani alikuja mbio kuchukua kizibo, akaifunga kabla sala haijaanza.

"Mimi nagombea kwa ajili ya mama huyu!" alipaza sauti mgombea wa upinzani, akaielekezea kidole chupa.

Walimrudishia ikiwa imefutwa vizuri.

Kura zilipigwa. Mgombea wa Mama Chai alishinda kwa tofauti ndogo. Kumfukuza mpika chai sasa kungeonekana vibaya, kwa hiyo alibaki. Wiki iliyofuata rais mteule alikuja ofisini kuagana. Wafanyakazi wote walisimama kwa mstari. Mama Chai alikuwa amekwisha kuikosha chupa, na ilikuwa mezani, wazi, ikipumua.

Rais mteule aliweka mkono kifuani. "Nitawatumikia raia wote," alisema, "wa kila rangi, kama watoto wa tumbo moja."

Walipiga makofi. Mama Chai aliweka kizibo. Alisubiri muda wa maziwa kuchemka, kisha akafungua. Yalitoka maneno ya masizi, likatoka lile la sukari, ikatoka sala. Kisha ukatoka mvuke mtupu, na mvuke nao ukaisha.

Wote walisikia. Dereva alitazama viatu vyake. Rais mteule, aliyekuwa akitazama saa tangu sala ilipoanza, akasema anasubiriwa, akatoka.

Meneja aliweka boksi mezani. "Nimekununulia chupa mpya, Mama Chai. Hiyo ya zamani tupa."

Mama Chai aliichukua ya zamani akaikumbatia. Ilikuwa bado ya moto. Aliwatazama waliosimama pale mmoja mmoja, na akasema kwa sauti ya kufika mlangoni:

"Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote. Chai ya leo na ya kesho nitaipika kwenye hiyo mpya. Lakini hii sitaitupa, wala sitaiziba mdomo, mpaka mzee aje mwenyewe aisikilize yote, hadi mwisho wa sala yangu."