Msimamizi hadi Aprili

"Kufuli yangu ilikuwa hapa, Alhamisi saa tisa," Majken alisema, akiugonga kwa kucha ubao wa zamu za kufua, ambako kila mkazi hutundika kufuli yake kwenye saa aliyoichagua. "Hapa hapa. Leo naikuta kwenye Jumapili. Imetembea yenyewe?"

"Labda ilichoka kukungoja," Yngve alijibu. "Na mimi nikae na mashuka machafu mpaka lini? Tena ukimaliza kufua, mashine ya kukaushia unaiacha imejaa manyoya utadhani paka kalala humo."

"Manyoya yangu? Yale ya soksi zako, bwana wee. Nayajua mpaka rangi yake."

Gunvor hakugeuka. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya nyumba, ambayo iko hapo hapo chumba cha kufulia, kati ya meza ya kukunjia nguo na rafu ya sabuni. Ni ya fleti zote kumi na nane za jengo lile la Gävle, mji wa kaskazini. Kila mkazi ana jina lake humo, na vitu vyake nyuma ya jina. Gunvor alikuwa ameandika programu kwa miaka thelathini na moja katika kiwanda cha karatasi kabla ya kustaafu, ndiyo maana kamati ilimwomba atengeneze programu ya zamu za kufua, ule ubao wa vikufuli utoke ukutani na watu wapumzike kusemana. Lakini kwanza ilibidi aiweke lugha yenyewe ya kuandikia programu, kwa sababu kompyuta ile haikuwa na kitu zaidi ya mchezo wa karata na kumbukumbu za mikutano.

"Gombaneni taratibu," alisema. "Imeanza kuuliza."

Swali la kwanza: lugha iwekwe kwa watumiaji wote, au kwa Gunvor peke yake? Angechagua peke yake, kazi ingekwisha kwa dakika kumi na asingesumbuliwa mtu. Alichagua wote. Skrini ikadai neno la siri la msimamizi.

Majken na Yngve wakageukia mlango, kama watu wanaongoja lifti. Mlango ulisikika ghorofa ya tatu, kisha hatua, ngazi moja baada ya nyingine.

"Anakuja," Yngve alisema, akalisogeza kapu lake la nguo njiani.

Sixten Rask aliingia, akavua viatu mlangoni kama kibao kinavyoagiza, akawaamkia kwa kichwa. Alikuwa amefariki tangu Februari, na sasa ilikuwa Novemba. Kompyuta ile aliichagua na kuipanga yeye, na mkutano mkuu wa wakazi ulipitisha, ikaandikwa na kutiwa sahihi, kwamba neno la siri la msimamizi atalijua Sixten tu na halitaandikwa popote. Mkutano mkuu wa Aprili iliyopita hakuna aliyelikumbuka jambo hilo, na mwingine ni wa Aprili ijayo. Kabla ya hapo hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kumwondoa, naye Sixten hakuwa mtu wa kuacha kazi ya chama cha wakazi njiani.

Aliinama, akaandika. Wenzake wote watatu waliangalia ukuta, maana neno la siri la mtu halitazamwi.

"Kahawa, Sixten?" Gunvor aliuliza, akishika chupa yake ya moto.

"Asante, nimeshakunywa."

Ndivyo alivyokuwa siku zote. Ukifungua mlango harufu ya chakula ikatoka, naye akiwa anapita kwenye ngazi, alikuwahi: "Nimeshakula." Alilisema kabla hajaulizwa, asimpe mtu taabu. Na kwa kuwa alishalisema, hakuna aliyewahi kumuuliza. Miaka kumi na tisa.

Akavaa viatu, akapanda.

Kuweka lugha kwenye mashine ya watu wengi si kazi ya mara moja. Ikishaingia, lazima mashine iambiwe imehifadhiwa wapi, ili kila mkazi akiiita kwa jina lake aipate. Kisha kuna mafungu ya ziada ya lugha hiyo, halafu ruhusa, nani asome, nani aandike. Kila hatua iliuliza neno lile lile la siri. Kufikia Jumatano Sixten alikuwa ameshuka mara kumi na moja. Aliacha nyayo zenye maji ambayo hayakukauka, na Jumatano mchana karatasi ilibandikwa kwenye ngazi kwa selotepu: *Wewe unayepita na miguu yenye maji! Ngazi ni za sote. Kitambaa kipo!* Chini yake mtu mwingine alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu: *Naunga mkono. Fleti 7.* Fleti 7 ni ya Yngve. Mwandiko wa juu kila mtu aliujua ni wa Majken.

Aliposhuka mara ya kumi na mbili, Sixten alikuwa na kitambaa mkononi. Alishuka kinyumenyume, akipangusa nyuma yake.

Gunvor alimwona, akajiambia: leo namwambia. Alikuwa na sentensi yake tayari tangu Jumatatu. Na huko nyumbani, fleti 10, mlango unaotazamana na ule wa Sixten, mabakuli mawili yalikuwa mezani tangu Jumatatu vile vile. Lakini Sixten alipomaliza kuandika, Gunvor alisema tu, "Asante, Sixten," naye akasema, "Si kitu."

Sentensi ilihusu karatasi nyingine. Mwezi ule wa Februari ngazi za ghorofa ya tatu zilinuka. Gunvor alivumilia siku mbili, kisha akaandika kwa herufi kubwa: *Wewe wa fleti 9! Taka za samaki hutupwa siku hiyo hiyo. Kuna watu wanaishi hapa!* Akaibandika mlangoni kwa Sixten. Jioni yake Majken alikuwa ameongeza: *Kweli kabisa!!* Yngve akapiga mistari miwili chini ya neno *watu*. Ilikaa hapo wiki mbili na zaidi, na kila aliyepita aliisoma, akaziba pua, akaenda zake. Mwishowe ni mleta posta aliyepiga simu, kwa sababu barua hazikuingia tena kwenye tundu la mlango. Fundi wa kufuli alifika kuufungua siku ya ishirini na nne tangu Sixten afariki.

Alhamisi saa kumi jioni giza la Novemba la kaskazini lilikuwa limeshaingia. Yngve alikuwa anapiga pasi mashuka yake. Majken alishapanda kushughulikia chungu cha supu. Skrini iliuliza kwa mara ya mwisho, na Sixten akashuka na kitambaa chake.

"Nimesoma kanuni," alisema alipomaliza. "Msimamizi anaruhusiwa kuteua naibu. Nikikuweka, utaandika neno lako mwenyewe. Hutakuwa na haja ya kuniita tena."

"Mweke, mweke tumalize," Yngve alisema kutoka kwenye pasi. "Watu tuna zamu zetu."

Gunvor alitazama mikono yake juu ya kibodi. "Sixten. Ile karatasi."

Sixten aliingiza mkono mfuko wa shati, akaitoa. Ilikuwa imekunjwa mara nne, selotepu bado iko pembeni. Akainyoosha kwa kiganja juu ya meza ya kukunjia nguo, akampa.

"Nilikuwa nimekutunzia. Nilikusikia ukiibandika. Selotepu ina sauti yake ikikatwa."

"Ulisikia?"

"Nilidhani ukishabandika utabisha hodi. Nikangoja."

"Lakini ulikuwa umeshafariki."

"Nilikuwa na siku tisa tangu nife," Sixten alisema. "Lakini ningefurahi."

Pasi ilitoa mvuke. Yngve aliligeuza shuka upande wa pili.

"Mistari hii imenyooka," Sixten aliongeza, akionyesha chini ya neno *watu*. "Mtu alitumia rula."

"Nilitumia," Yngve alisema.

Sixten akampangia Gunvor mamlaka, akasogea. Gunvor aliandika neno lake jipya mara mbili kama mashine ilivyotaka, na Sixten alitazama ukuta mpaka alipomaliza. Lugha ikawa imekaa. Gunvor aliijaribu kwa jina la kila mkazi, fleti 1 hadi 18, ikaitika kote, hata fleti 9.

"Sasa nambie," Yngve alimuuliza Sixten huku akikunja shuka. "Ile zamu yako, Alhamisi saa kumi na mbili. Bado unaihitaji?"

"Sijaitumia tangu Februari."

"Basi naichukua. Gunvor, niandike mimi, kabla yule mama hajasikia."

Gunvor akamwandika. Programu ilikuwa bado haijaanza, kwa hiyo aliandika nyuma ya ile karatasi, maana ndiyo iliyokuwa karibu.

Yngve alitangulia na kapu lake. Gunvor na Sixten walipanda pamoja, yeye mbele, Sixten nyuma akipangusa. Ngazi nzima ilinuka supu ya njegere za manjano na nyama ya nguruwe, kama kila Alhamisi. Gunvor alikuwa anahesabu ngazi. Akifika ghorofa ya pili, alijiambia, ninageuka, ninasema: Sixten, kwangu kuna mabakuli mawili.

Ghorofa ya kwanza mlango wa Majken ulikuwa wazi. Yngve alishaketi ndani na kijiko mkononi. Ugomvi wao una miaka kumi na moja, na supu yao pia.

"Gunvor, shoga yangu!" Majken alisema mlangoni, aproni tumboni. "Umemaliza? Ingia. Kuna supu, na chapati za maji na jemu baadaye."

"Tuko wawili," Gunvor alisema.

Majken alimtazama Sixten, aliyesimama ngazi moja chini akiwa na viatu mkono mmoja na kitambaa mkono wa pili. Akamwitikia kwa kichwa. Kisha akageuka kutazama meza yake, iliyokuwa na sahani tatu.

"Msijisumbue," Sixten alisema. "Nimeshakula."

Aliwapita kwa adabu, ubavu ukutani. Wakasikia hatua zake mpaka ghorofa ya tatu, na mlango ukifungwa.

"Si umemsikia mwenyewe? Keshakula," Majken alisema. Akaichukua karatasi mkononi mwa Gunvor, akaiweka juu ya kabati la viatu, akampisha mlangoni. "Haya ingia basi, mama, ingia ule, supu inapoa."